Mguu mwembamba ndani ya kiatu kigumu: kutoka theluji ya Norway hadi matope ya Lweba

LWEBA – Mama mmoja anayeuza bote na viatu vya mitumba katika soko la Lweba, teritware ya Fizi, alipokea ujumbe wa sauti kwenye simu yake mwezi wa pili. Ulitoka kwa binti wa mdogo wake, msichana wa miaka 14 anayesoma Norway. Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Shangazi, hivi viatu vya theluji vimenikula miguu. Mfupa wa mbele umekuwa mweusi. Sitaki tena kwenda na wenzangu."

Baba wa msichana huyo alizaliwa Lweba. Vita vya 1996 vilipofika Fizi, alivuka ziwa Tanganyika na wazazi wake akiwa bado mtoto, wakaingia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongomani. Alikulia pale, akaoa pale, na kutoka pale familia ikachukuliwa kwenda Ulaya. Nyumba nyingi za Lweba, Baraka na Mboko zina ndugu waliopita njia hiyo, wengine wako Marekani, wengine Kanada, wengine Australia. Kwa hiyo viatu vya theluji si habari ya wazungu peke yao. Kuna watoto wa Fizi wanaovivaa leo, na kuna wazazi wanaoulizwa maswali ambayo hawakuwahi kuyasikia.

Huko Norway shule huwapeleka watoto mlimani siku moja moja wakati wa baridi ili wateleze juu ya theluji. Mchezo huo unaitwa skii. Viatu vya kuteremka mlima ni tofauti na kiatu chochote kinachouzwa Lweba. Nje kuna ganda la plastiki ngumu kuliko bidoni ya maji, linapanda mpaka nusu ya shavu la mguu. Ndani ya ganda kuna kiatu kingine laini cha sponji. Mbele kuna vifungo vya chuma, mara nyingi vinne. Kiatu kinashikamana na ubao mrefu, na mtu akikunja goti mbele, mguu unasukuma kiatu, kiatu kinasukuma ubao, ubao unageuka.

Sasa fikiri mguu mwembamba ndani ya ganda pana. Kabla ubao haujageuka, mguu unasafiri kwanza ndani ya nafasi iliyo wazi, halafu unagonga ganda. Kila kona inakuwa pigo juu ya mfupa wa mbele. Mtoto akipiga kona mia kwa asubuhi moja, ni mapigo mia mahali pamoja. Ndivyo mfupa ulivyogeuka mweusi.

Msichana aliulizwa namba yake ya viatu, akajibu 39, kwa sababu ndiyo namba ya raba zake. Hakusema kwamba raba hizo zilinunuliwa kubwa ili zidumu miaka miwili. Nani katika watoto wa Fizi hajanunuliwa kiatu cha namna hiyo? Akapewa kiatu cha 39. Miguu yake ni mirefu na myembamba kama ya babake. Vifungo vilivutwa mpaka tundu la mwisho, na bado mkono wake uliweza kuingia kati ya shavu la mguu na kiatu.

Shangazi yake alimpa dawa ya Lweba. "Mama, vaa soksi mbili nzito, na mbele weka kitambaa." Alisema kwa upendo, na alisema neno ambalo wauza viatu wote wa soko hilo husema. Safari iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Soksi moja iliteleza juu ya nyingine, zikajikunja chini ya kifundo, kisigino kikatoka malengelenge. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi. Msichana alikaa ndani ya nyumba ya kupumzikia siku nzima akiwatazama wenzake kupitia dirisha, na jioni akamwambia babake kwamba siku nyingine ya mlima atasema anaumwa.

Watu wengi wanafikiri kiatu kikubwa chenye soksi nyingi kinaleta joto. Katika viatu hivi ni kinyume. Kiatu kikiwa kikubwa, mvaaji anakaza vifungo kwa nguvu zote ili mguu usicheze. Vifungo vinakandamiza mgongo wa mguu, damu inapita kwa shida, na mguu usiopata damu unapoa hata ukiufunga mablanketi matatu. Soksi nzito inakula nafasi iliyobaki na kushika jasho. Wanaojua kazi hii wanataka soksi moja tu, nyembamba, ndefu mpaka karibu na goti, isiyo na mkunjo wala mshono mnene. Suruali ya ndani nayo haiingii kwenye kiatu. Inaishia juu yake.

Baba ni dereva, hana muda mwingi, lakini Jumamosi moja alimpeleka binti kwenye duka linalouza na kukodisha vifaa vya theluji. Alichoona pale alimsimulia dada yake wa Lweba kwa sauti ya dakika tisa, na mama huyo ameisikiliza mara nyingi kuliko anavyosikiliza habari za saa kumi na mbili.

Fundi wa duka hakuuliza namba. Alimwambia msichana avue soksi, asimame juu ya kipimo, akapima miguu yote miwili kwa sentimita. Viatu vya skii vinahesabiwa hivyo, kwa urefu wa mguu wenyewe. Mguu mrefu zaidi ulikuwa na sentimita 24. Kiatu alichopewa kwanza kilikuwa kikubwa kuliko hapo. Kisha fundi alichomoa kile kiatu laini cha ndani, akaacha ganda tupu, akamwambia aingize mguu mtupu na kusukuma vidole mpaka viguse mbele. Akaangalia nyuma ya kisigino. Nafasi ikiwa ya sentimita moja na nusu hadi mbili hivi, yaani kidole kimoja na nusu, ganda linafaa. Kwenye kile cha kwanza nafasi ilikuwa kubwa kupita hapo. Jambo hili halihitaji mashine, na mzazi yeyote anaweza kulifanya mahali popote wanapokodisha viatu.

Baada ya kurudisha kiatu cha ndani, msichana alihisi vidole vikigusa mbele na akataka kukivua. Fundi akamwambia apige kisigino chini mara mbili, afunge vifungo vya juu kwanza, halafu akunje magoti. Kisigino kikarudi nyuma, vidole vikapata pumzi. Kiatu hiki kinapimwa magoti yakiwa yamekunjwa; anayekipima akiwa amesimama wima atachukua kikubwa kila mara.

Ulibaki wembamba. Ganda lina urefu na lina upana pia. Yale membamba yana milimita 97 au 98 mahali pana pa mguu, na yale mapana yanafika 102 na kupita. Mguu mwembamba ndani ya ganda pana unayumba kama mtumbwi. Fundi alitoa ganda jembamba. Kwa mashavu ya miguu alifanya kazi mbili: alihamisha vile vyuma ambavyo vifungo vinashika, kwa sababu vimeshikwa na skrubu na vinaweza kusogezwa, halafu akaingiza kipande cha sponji ngumu nyuma ya mguu, kati ya kiatu cha ndani na ganda. Kwenye kifundo alibandika vipande viwili vidogo, kushoto na kulia, ili kisigino kisipande. Akaweka na wayo wa ndani wenye umbo la mguu. Sponji ilikaa nje ya kiatu laini. Kitambaa cha shangazi kilikuwa juu ya ngozi, na hapo ndipo tofauti yote ilipo.

Mguu uliokua bila viatu, au ndani ya kandambili, mara nyingi huwa mpana mbele kwenye vidole na mwembamba kisigino. Watoto waliokulia Lweba na Nyarugusu wanayo miguu hiyo. Kiatu kinaweza kuwabana mbele na kucheza nyuma kwa wakati mmoja, na muuzaji asiyejua ataongeza namba. Kuongeza namba kunatuliza vidole na kuharibu kisigino. Afadhali kuchukua urefu ulio sawa na kuomba ganda lipanuliwe mbele. Maduka yenye mafundi hulipasha moto na kulisukuma mahali pale tu. Viatu vya shule vya kuazima havifanyiwi kazi hiyo, lakini kubadilishwa inawezekana. Norway kuna mpango unaoitwa BUA ambao unaazimisha vifaa vya michezo bila malipo katika miji mingi. Mtoto anaweza kuchukua viatu kabla ya siku ya shule, akavivaa nyumbani kwa nusu saa, na kuvirudisha kama vinauma. Kazi ngumu hapo ni kushinda haya. Watoto waliokuja wakiwa wakimbizi wamezoea kushukuru kwa kila kitu wanachopewa, hata kile kinachowaumiza, na mwalimu hawezi kujua kama mtoto hasemi.

Msichana huyo aliamini kwamba miguu ya Waafrika haikuumbwa kwa theluji. Kuna mwenzake aliyemwambia hivyo, na neno la namna hiyo hukaa. Lakini Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, alikwenda Finland mwaka 1996 kujifunza skii bila kuwa ameona theluji maishani. Tarehe 12 mwezi wa pili 1998 alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki za Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja mwishoni mwa njia akamkumbatia, na Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Alirudi tena Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Kweli, mchezo wake ulikuwa ule wa nyanda, ambao kiatu chake ni laini na kisigino kiko huru. Lakini Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, alivaa viatu vigumu vya kuteremka mlima katika Olimpiki za Pyeongchang mwaka 2018, akiwa na bendera ya Kenya.

Na huo wembamba wenyewe si kasoro. Watafiti wa Copenhagen, wakiwa na profesa Bengt Saltin, walilinganisha vijana wa Nandi wa Kenya na vijana wa Denmark, wakaona miguu ya Wanandi chini ya goti ni myembamba na myepesi zaidi, jambo linalowapunguzia gharama ya kukimbia. Mguu unaoshinda mbio hauna ubaya wowote. Kosa ni la kiatu kilichotengenezwa kwa mguu mwingine.

Habari ingeishia hapo kama mama wa Lweba asingekuwa muuza viatu. Siku chache baada ya ile sauti ndefu, mwanamke mmoja aliyekimbia mapigano kwenye milima ya juu alifika mbele ya meza yake na mvulana wake wa miaka 11. Mtoto alikuwa amevaa bote za mtu mzima, namba 42, zilizojazwa matambara. Walishuka nazo kutoka milimani wakati wa mvua. Juu ya mfupa wa mbele wa kila mguu kulikuwa na kidonda kirefu, mahali ambapo ukingo wa mpira ulikuwa ukipiga kila hatua. Kimoja kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Mama yake hakuja kununua. Alikuja kuuliza kama bote zinaweza kubadilishwa kwa kandambili.

Muuza viatu aliwapeleka kwanza kituo cha afya, bote zikabaki chini ya meza. Huko muuguzi aliosha kidonda na kusema neno moja ambalo wengi hulisahau: kidonda cha mguu kinachosuguliwa kila siku hakifungi, hata ukiweka dawa ya aina gani. Mvulana ndiye aliyekuwa akichota maji ya familia. Akiwa na bidoni kichwani na mguu unaochomoka kwenye matope, ameanguka mara mbili.

Tangu siku hiyo mama huyo hauzi bote kwa kuuliza namba. Ana karatasi ya katoni na kalamu. Mnunuzi anasimama juu ya katoni kwa miguu yote miwili, kwa uzito wote, na jioni ni bora kuliko asubuhi kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana. Anachora, anapima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, anachukua mguu mkubwa. Kwa bote anaongeza sentimita moja na nusu, halafu anazidisha jumla kwa moja na nusu. Mguu wa sentimita 20 unakuwa 21 na nusu, na namba inakaribia 32. Mguu wa 24 unatoa 38. Hesabu hiyo inatoka kwenye namba za Ulaya zilizoandikwa chini ya bote, ambapo kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Mtu anayetuma mwingine sokoni anaweza kukata kijiti cha urefu wa mguu pamoja na ile sentimita moja na nusu. Kijiti kilale ndani ya bote bila kupinda.

Kwa mashavu membamba ya miguu, bote hazina vifungo vya chuma. Fundi viatu wa pale sokoni anakata mkanda kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, anaufunga juu ya kifundo, nje ya bote. Mkanda wa pili unakaa chini ya goti ili matope na maji visiingie. Usikazwe mpaka uache alama kwenye ngozi. Chini ya mguu unawekwa wayo uliokatwa kwenye godoro kuukuu la sponji ngumu. Katoni haifai, inalowa na kuwa uji ndani ya siku moja. Wayo utolewe kila usiku ukauke. Matambara mbele ya vidole yaachwe kabisa, maana yanasukuma mguu nyuma bila kuushika. Na kwa wale wanaovuka mto au kupanda mtumbwi: vua bote kwanza. Bote pana ikijaa maji inavuta mguu chini, na mtoto hana nguvu ya kuichomoa.

Mama huyo ameanza pia kutazama kitu ambacho si kazi ya muuza viatu. Mguu mwembamba kwa kuzaliwa ni jambo moja, na mguu uliokonda kwa njaa ni jambo lingine. Kuna watoto wa familia za wakimbizi wa ndani ambao viatu vyao vinaanza kubana ghafla, mguu wa kushoto na wa kulia pamoja, wakati mikono inazidi kukonda. Wazazi wanafurahi, wanasema mtoto anaota mwili. Bonyeza mgongo wa mguu kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, miguu yote miwili. Shimo likibaki baada ya kuondoa kidole, huo ni uvimbe wa utapiamlo, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kumtafutia kiatu kikubwa zaidi ni kupoteza muda ambao mtoto hana.

Kwa wale wanaoleta misaada, hata makanisa na vijana wanaochanga nguo, ombi la mama huyo ni dogo: wapime kabla ya kununua. Bote mia za namba 41 ni rahisi kununua kwa mara moja na zinapendeza kwenye picha, lakini wengi kati ya wanaochota maji na kuni katika familia zilizokimbia ni watoto na wasichana wadogo ambao 41 inawaumiza. Wengi wao wataishia kuziuza ili wanunue ndagala.

Mvulana wa milimani alipata bote namba 33 baada ya vidonda kukauka. Zile 42 alichukua babake mdogo. Msichana wa Norway alikwenda mlimani mara mbili zaidi kabla theluji haijayeyuka, akatuma picha moja ambamo uso hauonekani kwa sababu ya miwani na kofia. Kwa sasa, mezani kwa mama huyo, namba 30 hadi 34 zimekwisha. Wafanyabiashara wanaotoka Uvira au wanaovuka kutoka Kigoma wakileta namba hizo, wateja wapo.